Baiskeli imeegemea ukutani: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Nkuhungu

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri miaka 64, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Ujanani nilifundisha vijijini huko Kondoa, na baiskeli ya Phoenix ndiyo ilikuwa gari langu. Mwezi wa saba mwaka huu nilinunua baiskeli ya gia, ya mtumba, nikajiwekea kwamba kila asubuhi nitakwenda Nala na kurudi, maana nina presha na natumia dawa. Nilidumu wiki mbili tu. Magoti yaliuma, pancha haziishi, nikirudi nyumbani nimechoka mpaka nashindwa kula, na majirani wananiuliza kama kiinua mgongo kimeisha. Sasa ni Oktoba, baiskeli imeegemea ukutani na shemeji yangu anaitaka. Nifanyeje nirudi barabarani, na nikirudi nisikate tamaa tena?

JIBU: Shikamoo mwalimu.

Umeuliza habari ya kukata tamaa, lakini uliyoyaorodhesha ni goti, pancha, uchovu wa njia ya kurudi na maneno ya watu. Hayo manne kila moja lina dawa yake, na hakuna hata moja linaloitwa uvivu. Wastaafu wengi wanaokuja kwangu kwa tiba ya viungo huanza kwa kujilaumu kwamba moyo umelegea. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeendesha baiskeli miaka mingi kwa lazima anaijua vizuri. Akiiacha uzeeni, mara nyingi ni kwa sababu kila akitoka kuna kero inamsubiri njiani. Baada ya siku kadhaa mwili unajifunza, na visingizio vinaanza usiku, hata kabla hajalala. Kwa hiyo tushughulike na kero kwanza. Habari ya hamu nitaifikia, ila haitachukua nafasi kubwa kama unavyodhani.

Tuanze na presha, tumalizane nayo. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa haikukatazi baiskeli, na mazoezi ya namna hii yakifanywa kwa wiki nyingi mfululizo husaidia kuishusha. Lakini umekaa miezi miwili na zaidi, kwa hiyo pita kwanza kituo cha afya wapime. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo si ya baiskeli, ni ya daktari. Vilevile kama ukipanda kilima au ngazi kifua kinabana, pumzi inakatika isivyo kawaida yako, au unapata kizunguzungu, usipande mpaka uonwe. Halafu soma jina la dawa yako. Atenolol na propranolol huzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo zile saa za mkononi zinazohesabu mapigo zitakudanganya. Kipimo chako kiwe mdomo: unapoendesha, uweze kutamka sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukishindwa kuimaliza, punguza. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza kidogo. Kama unatumia dawa ya kukojoza, kwa mfano hydrochlorothiazide, jua la Oktoba hapa kwetu litakukausha upesi, hivyo chupa ya maji isikosekane. Usiruke dozi wala usibadilishe saa ya kunywa dawa kwa sababu ya baiskeli bila kuongea na aliyekuandikia. Na ukikaribia nyumbani, dakika tano za mwisho zungusha pedeli polepole. Mtu wa dawa za presha akisimama ghafla baada ya jasho anaweza kuona giza.

Sasa goti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko wengi wanakopotelea.

Hukusema linauma wapi. Kama ni mbele, kwenye pia ya goti au chini yake kidogo, mara nyingi siti iko chini mno. Kama ni nyuma ya goti, kwenye mkunjo, mara nyingi siti iko juu mno. Nabashiri kwako ni mbele, na nitakuambia kwa nini. Njia za mchanga za vijijini zilitufundisha sote kuweka siti mahali ambapo miguu yote miwili inagusa chini, ili baiskeli ikizama uweze kujishika. Kwa kijana wa miaka 25 goti linavumilia. Kwa mtu wa miaka 64, kukunja goti kiasi kile na kulisukuma kwa nguvu mara maelfu kwa asubuhi moja ni kulichokoza.

Fanya hivi leo jioni. Egemea ukuta kwa mkono mmoja, kaa juu ya siti ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea. Weka kisigino juu ya pedeli, si vidole, kisha zungusha kinyumenyume mpaka pedeli ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke pale, bila kiuno kulala upande. Sasa ukanyage kwa sehemu ya mbele ya wayo kama unavyoendesha siku zote: goti litabaki limekunjika kidogo. Hicho ndicho kimo chako. Kama siti yako iko chini sana ya hapo, usiipandishe yote kwa mara moja. Pandisha sentimita moja, endesha wiki, pandisha tena. Angalia bomba la siti, lina mstari uliochongwa. Mstari huo ukionekana nje, umevuka mpaka, bomba litakatika au litapinda fremu.

Ukishaweka kimo hicho utagundua kwamba ukikaa huwezi kukanyaga ardhi kwa miguu yote. Hapo ndipo wazee wanaogopa na kurudisha siti chini. Dawa yake ni kujifunza kusimama upya: ukifunga breki, teleza mbele utoke kwenye siti, mguu mmoja ubaki kwenye pedeli ya chini, mwingine ushuke ardhini. Kafanyie mazoezi kwenye uwanja wa shule siku ya Jumamosi wakati hakuna watoto. Humohumo jizoeze kugeuza shingo kutazama nyuma huku baiskeli ikienda moja kwa moja. Wenye umri wetu huanguka mara nyingi wakati wa kupanda, kushuka na kugeuka. Shingo ikiwa ngumu, funga kioo cha pembeni, vipo vya pikipiki ambavyo fundi anaweza kukufungia. Na kama kurusha mguu juu ya karia kunakutesa nyonga, ilaze baiskeli upande wako kidogo, uvushe mguu kwanza, kisha uinyanyue. Kuna wanaume wanaoteseka na bomba la juu la fremu kwa sababu tu ile yenye fremu ya chini inaitwa baiskeli ya kike. Nyonga iliyovunjika haina habari na majina hayo.

Jambo la pili la goti ni gia. Phoenix ilikuwa na gia moja, ukajifunza kusukuma kwa nguvu, taratibu, mwili ukiyumba kushoto na kulia. Nina hakika baiskeli mpya unaiendesha vilevile, gia nzito, ukiona nyepesi unahisi unachezea hewa. Geuza desturi hiyo. Hesabu goti la kulia: ndani ya sekunde 15 lipande mara 15 hadi 18. Ikiwa ni mara 10, gia ni nzito, shusha. Mwanzoni utajiona mtu wa vichekesho, miguu inakwenda mbio na baiskeli haiendi, lakini mzigo unahama kutoka kwenye goti kwenda kwenye pumzi, na pumzi hurudi haraka kuliko goti.

Uchovu wa kurudi nyumbani nao una maelezo yake, na haya ni ya Dodoma hasa. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, na wewe ulianza Julai, kipupwe, msimu ambao unavuma kwelikweli. Kutoka Nkuhungu kwenda Nala unaelekea magharibi. Maana yake unasukumwa mgongoni, unajiona kijana, unafika Nala hujatoa jasho. Unageuka. Sasa upepo uko kifuani, na kwa kuwa jua limeshapanda, mwanga wa asubuhi uko machoni. Umetumia sehemu rahisi ya safari ukiwa na nguvu, sehemu ngumu imekukuta umechoka. Ongeza malori ya Singida na yale yanayopita kwenda Rwanda na Burundi, kila moja likikupita linakuvuta na kukusukuma. Hata kijana angesusa.

Pindua safari. Toka mara tu kunapopambazuka, kabla upepo haujaamka. Kufikia saa 3 au 4 asubuhi upepo huwa umeshapata nguvu. Anza kwa kuelekea mashariki, mjini, upepo mdogo uliopo upambane nao ukiwa mpya, kisha ukurudishe nyumbani. Pita mitaa ya ndani badala ya barabara kuu, kwa sababu dereva anayekuja nyuma yako akielekea jua hakuoni vizuri hata ukivaa koti la kung'aa. Lengo lako la kwanza liwe Nyerere Square na kurudi, wala si kwa mwendo wa kushindana na bajaji. Jumapili alfajiri mji bado umelala, barabara zote ni zako. Miguu ikikubali, Novemba nenda mpaka barabara za ndani za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kule kuna lami pana na vilima vya kutosha kukukumbusha Kondoa.

Pancha. Kwa mkazi wa Dodoma hili halihitaji utangulizi: mbigili. Huota na mvua, hutambaa pembeni mwa barabara, na mvua zikikata hukauka na kuacha ile miiba yenye pembe ambayo hata uidondoshe vipi, mwiba mmoja unatazama juu. Hadi Oktoba imesambaa kila mahali penye vumbi. Sasa kumbuka unapoendeshea: nabashiri ukisikia lori unashuka pembeni kwenye changarawe. Ndiko inakokaa. Ukiwa mitaa ya ndani unaweza kukaa juu ya lami, karibu mita moja kutoka ukingoni, na pancha zitapungua bila kununua kitu.

Vya kununua ni vichache. Mwambie fundi atoe matairi aangalie: ya mtumba mara nyingi yamekuwa kipara au mpira umekauka umepasuka pembeni, na tairi la namna hiyo halizuii hata mwiba mdogo. Badilisha yote mawili. Kati ya tairi na tyubu atie ukanda uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ya pikipiki, mafundi wengi wanaijua kazi hiyo. Ile jeli ya kuzuia pancha wanayotia bodaboda inafanya kazi pia kwenye baiskeli, hasa kama valvu yako ni nene ya aina ya pikipiki. Hilo la valvu lichunguze mapema, maana baiskeli za mtumba kutoka Ulaya nyingine huja na valvu nyembamba yenye nati ndogo juu, na pampu ya fundi wa mtaani haiishiki. Ukiwa na hiyo, badilisha tyubu kabisa au nunua kile kidude cha kuunganishia. Kisha nunua pampu yako mwenyewe ya kusimama, uiweke nyumbani. Na fundi asikujazie upepo mpaka tairi liwe jiwe; ubavuni mwa tairi kuna namba mbili, ya chini na ya juu, kwa barabara zetu kaa katikati. Mikono na kiuno vitashukuru.

Jambo moja dogo: ukiona mbigili imekwama kwenye tairi na huna kiraka, usiing'oe hapohapo. Mara nyingine yenyewe ndiyo imeziba tundu. Endesha mpaka kwa fundi. Kama umetia jeli, ing'oe, zungusha gurudumu, jeli ifanye kazi.

Majirani. Waambie kiinua mgongo ndicho kilichonunua baiskeli. Nazungumza kwa utani lakini naujua uzito wake: mjini baiskeli imekuwa ya muuza mkaa na muuza maji, na mwalimu mstaafu akionekana juu yake watu wanaanza kupiga hesabu za mafao yake. Maneno hayo yana umri mfupi. Wiki ya kwanza wanacheka, wiki ya nne wanauliza bei, na kuna mmoja mwenye sukari atakuja jioni kukuuliza kimyakimya kama na yeye anaweza. Huyo mshike, nitakuambia kwa nini. Nguo zisikusumbue, zile bukta za kubana si lazima kabisa. Suruali ya kawaida, mguu wa kulia uuchomeke ndani ya soksi cheni isiukamate. Kofia ngumu vaa, hiyo sina mjadala nayo.

Sasa hamu. Kosa lililokuwepo kwenye mpango wako ni neno "kila asubuhi". Ukijiwekea siku saba, ukikosa ya tatu tayari una deni, na deni la mazoezi halilipiki, linazaa. Wewe umeandika maazimio ya kazi miaka yote. Hukuwahi kupanga vipindi saba vya hisabati kwa wiki kwa darasa linaloanza. Panga siku tatu zenye majina, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, dakika 20 kila moja kwa wiki mbili. Kisha ongeza dakika tano kila wiki, lakini ukiongeza muda usiongeze vilima wiki hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima, pamoja na wa miaka 65 na zaidi, wafikie angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usiifukuzie namba hiyo Oktoba. Ukifika Desemba una dakika 45 au 50 mara tatu, utakuwa umeigusa bila kuitaja. Siku nyingine mbili tembea kwa miguu na ufanye kazi ya kunyanyua vitu bustanini, kwa sababu baiskeli inabeba uzito wako, na mifupa haipati kazi ya kutosha juu yake.

Siku moja kati ya hizo tatu iwe na kazi. Maziwa, sokoni Majengo, kumjulia hali mgonjwa, kwenda kuangalia kiwanja. Ulipokuwa Kondoa hukuwahi kujiuliza kama una hamu ya kupanda baiskeli. Ulikuwa na shule ya kufika. Hilo ndilo ulilopoteza ulipostaafu, na kwenda Nala kisha kugeuka bila sababu hakukulirudishia. Siku nyingine iwe na mtu, na hapa ndipo yule jirani mwenye sukari anapoingia. Mkikubaliana saa 12 na nusu kwenye kona fulani, hata usiku ulale vibaya utatoka, kwa sababu kumwacha mtu amesimama kona ni utovu wa adabu. Yeye kama anachoma insulini au anameza glibenclamide, abebe kitu cha sukari mfukoni, soda ndogo au glukosi, na asitoke na njaa. Siku ya tatu ni yako mwenyewe, nenda unakotaka.

Usiku wa kuamkia siku ya safari, jaza upepo, weka chupa na kofia kwenye usukani, na baiskeli ikae karibu na mlango. Ikiwa nyuma ya magunia stoo, saa 12 asubuhi hakuna mtu atakayeihamisha.

Usijilinganishe na mwalimu wa Kondoa. Upeo wa mapigo ya moyo hushuka kadiri miaka inavyokwenda, na hakuna zoezi linalourudisha ulipokuwa. Linalorudi ni mengine, na hurudi kwa kiasi kinachoshangaza. Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa 1911, aliachana na baiskeli miongo mingi, akairudia alipokuwa ameshavuka miaka 60. Wanasayansi walimpima akiwa na miaka 101, kisha tena na 103: uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulikuwa umepanda kwa asilimia 13 hivi katika kipindi hicho. Januari 2017, akiwa na miaka 105, alizunguka uwanja wa baiskeli kwa saa moja akamaliza kilomita 22.547. Alifariki 2021. Nakutajia si kwa ajili ya miaka yake, maana hatuigi umri wa mtu. Nataka uone mpango wake: karibu asilimia 80 ya mazoezi aliyofanya katika miaka hiyo miwili ilikuwa mwendo mwepesi, na sehemu ndogo tu iliyobaki ndiyo ya kutoka jasho. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunatoka kujikomoa.

Imebaki mvua. Kwetu huanza Desemba hivi na kukata Aprili, na ndizo zitakazokujaribu zaidi kuliko goti. Weka sheria mapema kwamba asubuhi ya mvua si siku uliyokosa. Ndani ya nyumba simama na kuketi kwenye kiti bila kujishika, mara kumi, upumzike, urudie mara mbili, kisha endelea na shughuli zako. Mvua ikikatisha wiki tatu, rudi kwa nusu ya muda uliokuwa umefikia. Na ikinyesha usiku, kesho yake kaa kwenye lami tu. Udongo wa mitaa yetu ukilowa unajaa kwenye breki na cheni mpaka gurudumu linagoma, na mchanga unaobaki unakula raba za breki. Ukifika nyumbani mwagia maji, futa cheni kwa kitambaa, tia oili kidogo, futa tena inayozidi kabla haijadaka vumbi.